Ushauri: biskuti na tofi za zawadi ya Krismasi zinalegea kabla ya sikukuu

Siagi_na_Sukari (mleta uzi):
Wakuu, habari zenu. Mwaka huu nimeamua kuwapa ndugu zangu biskuti za siagi na tofi nilizopika mwenyewe. Biskuti zilitoka kwenye oveni zikiwa kavu, lakini sasa zimelegea, na tofi zinanata kiasi kwamba ukifungua moja inaondoka na nusu ya karatasi yake. Nifanyeje ili zifike Krismasi zikiwa nzuri? Naomba msiniambie ninunue za dukani.

Fundi_Oveni:
Dada, ulizifungasha zikiwa zimepoa kabisa? Na je, biskuti na tofi umeziweka kwenye kopo moja? Tofi ina unyevu kuliko biskuti kavu, kwa hiyo zikikaa pamoja unyevu huhamia kwenye biskuti. Kuhusu kunata, tofi ya kutafuna huhitaji sharubati ifike nyuzi 118 hadi 120 za Selsiasi, na ile ngumu ya kuvunjika hufika 149 hadi 154. Ukiepua mapema, maji hubaki mengi na tofi haikai.

Bibi_Mdalasini:
Mwanangu, mimi kila mwaka hutoa keki ya matunda, kwa kuwa hiyo hukaa wiki nyingi na ladha yake huzidi kukolea. Wakwe zangu walinicheka mwaka wa kwanza, na sasa ndio huanza kuniulizia mapema. Ninyi vijana mnapika kwa ajili ya picha.

Jino_Moja:
Zilizolegea zilete kwangu, nitazitafuna bila shida.

Siagi_na_Sukari:
Ndiyo, ziko kopo moja, kwa sababu zikipangwa pamoja zinapendeza. Tena makopo nimeshayafunga utepe na kuyaandika majina, kwa hiyo ningependa njia isiyonilazimu kuyafungua.

Fundi_Oveni:
Njia hiyo haipo. Hizo tofi zina nini ndani?

Siagi_na_Sukari:
Zina karanga zilizopondwa. Najua mtakakoelekea, kwa hiyo niseme mapema: mtoto wa wifi yangu huvimba midomo akila karanga, lakini mama yake anajua kuchagua, biskuti hazina karanga, na sufuria niliiosha. Nikimpelekea wifi kopo tofauti na la wengine, atasema nimembagua.

Mama_Wawili:
Wifi anaweza kununa akasahau, ila mzio si jambo la kubahatisha. Chembe za karanga hushika biskuti zilizo kopo moja nazo, na mtoto aliyevimba midomo safari iliyopita anaweza safari ijayo kubanwa pumzi. Kopo hilo lisimfikie kabisa. Mwokee biskuti nyingine kwa siagi mpya, maana ile ya zamani huenda ilichotwa kwa kijiko cha karanga, na usafishe meza na vyombo kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuanza.

Mpekuzi:
Samahani, uzi huu naona umetungwa. Mwanzoni tofi zinafunguliwa na kunata, kisha makopo yote yamefungwa utepe. Anajuaje hali ya vitu ambavyo hataki kuvifungua? Na mtoto mwenye mzio amejitokeza mara tu uzi ulipoanza kupoa.

Jino_Moja:
Wifi mwenyewe yumo humu, subirini.

Bibi_Mdalasini:
Hata kama ametunga, watoto wa namna hiyo wapo. Wa kwetu tulimkimbiza hospitali usiku, na tangu hapo karanga haziingii jikoni mwangu.

Siagi_na_Sukari:
Mpekuzi, nilibakiza kopo la kuonjea, nalo ndilo ninalolisimulia. Sikumtaja mtoto kwa sababu swali langu lilihusu biskuti kulegea.

Fundi_Oveni:
Basi tumalize la biskuti. Fungua makopo, zirudishe biskuti kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika chache, ziache zipoe kabisa, kisha zifunike peke yake kwenye kopo lisilopitisha hewa. Hizo bado si za mtoto. Tofi usizirudishe motoni, karanga zitaungua. Zifunge moja moja kwa karatasi ya nta na uziweke kopo lake.

Siagi_na_Sukari:
La wifi nitaoka upya. Lakini jina lake nimeliandika kwa wino usiofutika, na kopo lenyewe limejaa tofi. Nimpe nani?

Mama_Wawili:
Mpe yeyote asiye na mtoto huyo nyumbani, na juu ya jina bandika karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: INA KARANGA. Makopo mengine yote yenye tofi yabandike hivyo hivyo.