Mada: Binti yangu alikuwa na akaunti ya pili

Kutoka: Mama wa wawili, Reading, Uingereza

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikijiuliza kama ni la kuandika humu. Binti yangu amekubali niliandike, na nimemsomea kabla ya kutuma.

Ilikuwa asubuhi, natoka zamu ya usiku, sare ya kazini bado iko mwilini. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, simu ameilaza kifudifudi pajani. Ana miaka 15. Hata shikamoo hakutoa. Alisema, "Mama, usininyang'anye simu," halafu akaanza kulia.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka jana shangazi yake aliyeko Tanga alinitumia skrinshoti ya picha ya Instagram: mtoto yuko ufukweni na wenzake wa shule, kavaa blauzi isiyo na mikono. "Huyu ndiye mnayemlea huko?" Picha ilikuwa imeshazunguka kwenye grupu la ukoo kabla sijaamka. Nikaona aibu, na aibu yangu nikaimalizia kwa mtoto. Nilimfokea, nikamnyang'anya simu wiki mbili, wala sikumuuliza swali hata moja. Aliporudishiwa simu alifungua akaunti nyingine, yenye jina la kubuni na isiyo na ndugu hata mmoja. Kwenye mwaka wa kuzaliwa akaandika 2004 ili asisumbuliwe.

Huo mwaka ndio uliotuponza. Tangu Septemba 2024 Instagram imeanza kuwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za vijana. Akaunti inakuwa ya faragha, mtu wasiyefuatana naye hawezi kuwaandikia, na kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi arifa zinanyamaza. Aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza chochote bila idhini ya mzazi. Ila ulinzi wote huo unaanzia kwenye tarehe aliyoiandika mtoto mwenyewe, na kwa Instagram binti yangu alikuwa mtu mzima. Mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa anaposti picha za hina na piko anazochora kwenye mikono ya rafiki zake, maua yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Kazi nzuri mno, nami sikuwa nimeiona hata moja. Akaja mtu, akasema ni kijana wa miaka 17. Akasifia maua, kisha akamsifia yeye, kisha akataka wahamie Snapchat kwa kuwa huko ujumbe unafutika. Siku ya tisa akaandika: "Sasa nataka kukuona wewe, si mikono." Binti hakutuma picha. Yule mtu akaanza kumtishia kwamba atamtafuta baba yake na kumsema. Siku nne mtoto aliishi na hofu hiyo ndani ya nyumba yangu, na aliniogopa mimi kuliko alivyomwogopa yule mtu.

Nilitaka kufuta kila kitu papo hapo. Kumbe kufuta ni kupoteza ushahidi. Ukipiga skrinshoti kwenye Snapchat mwenzako anaarifiwa, kwa hiyo nilipiga picha kioo cha simu yake kwa simu yangu, mazungumzo yote, na jina la akaunti likionekana. Ndipo tukamripoti ndani ya programu, tukamzuia, tukajaza fomu kwenye tovuti ya CEOP, kitengo cha National Crime Agency kinachoshughulikia wanaorubuni watoto mtandaoni. Shuleni tukamwona mwalimu wa ulinzi wa watoto; kila shule ya hapa inatakiwa kuwa naye. Najua wengi wetu tunaogopa kwenda, tukidhani wataitwa watu wa ustawi wa jamii au yataguswa makaratasi yetu. Nami niliogopa. Mwalimu yule alimsikiliza mtoto hadi mwisho bila kumkatiza, akampa na namba ya Childline, simu ya msaada kwa watoto, 0800 1111, ambayo ni bure.

Akaunti ya pili tumeifunga. Picha za hina zimehamia ile ya kwanza, kwa mwaka wa kweli, nami nimeunganishwa kama msimamizi. Naona ameandikiana na nani katika siku 7 zilizopita, lakini walichoandikiana sikioni, na sitaki zaidi ya hapo. Simu zote zinalala sebuleni, na yangu ikiwemo. Kwenye grupu la ukoo niliandika kwa heshima zote: anayeona picha ya mtoto isiyompendeza anipigie mimi, asiisambaze. Shangazi alinuna wiki nzima, kisha akapiga, tukayazungumza yakaisha.

Halafu binti akaniuliza, "Na zako je?" Tukafungua Facebook yangu. Yeye siku ya kwanza ya shule, nembo ya shule kifuani, namba ya nyumba mlangoni nyuma yake, na akaunti yangu wazi kwa dunia nzima. Tulifuta zaidi ya picha arobaini jioni ile. Sasa namwomba ruhusa kabla ya kumposti.

Nina mdogo wake wa kiume anayefikisha miaka 13 mwezi wa tano. Wenye watoto wa kiume, mnawaambia nini?


Kutoka: Baba wa watatu, Columbus, Ohio

Dada, pole sana, na umpe binti pole zangu. Kukubali hadithi yake isomwe na watu wazima wote hawa si jambo dogo.

Kwa wavulana mtego ni huo huo, ila wanachotaka ni pesa. FBI imekuwa ikitoa onyo kwa miaka kadhaa sasa: wanaolengwa zaidi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Anakuja "msichana" mwenye picha nzuri, anatuma ya kwake kwanza, anaomba ya kijana. Ikishatumwa, dakika hiyo hiyo anadai pesa au kadi za zawadi, na orodha ya wafuasi wa mtoto ameshaihifadhi. Kuna watoto walijiua usiku ule ule. Mzazi yuko chumba cha pili.

Mimi nilimwambia mwanangu ndani ya gari, maana huko hatutazamani usoni. Nilimwambia: ukikosea, kwanza tutalitatua, kukasirika nitakasirika baadaye. Usilipe, usifute, niamshe hata saa tisa ya usiku. Nimelirudia mara tatu mwaka huu, na nitalirudia tena.

Kama picha imeshatoka, kuna huduma inaitwa Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, bure na bila kutaja jina. Picha haiondoki kwenye simu ya mtoto. Simu inatengeneza alama yake tu, kama alama ya kidole, na kampuni zilizojiunga zinaitumia kuitafuta picha hiyo na kuiondoa. Ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Simu ya NCMEC ni 1-800-843-5678. Huko kwenu Uingereza kwa kazi hiyo hiyo ipo Report Remove, ya Childline na Internet Watch Foundation.


Kutoka: Leicester (nina miaka 23, nimekulia hapa)

Shikamooni wazazi wangu.

Naomba niseme kwa upande wa watoto. Mimi pia nilikuwa na akaunti mbili. Sikuwa na uovu wa kuficha. Ya kwanza ilikuwa na bibi, mama wadogo na jirani yetu wa Magomeni, na kila picha ilijibiwa kwenye simu ya mama. Mtoto wa miaka 14 hawezi kukua mbele ya macho ya ukoo mzima. Mama aliponiambia nichague mwenyewe ndugu watano wa kunifuata, ile ya siri niliiacha.

Jambo la pili halijatajwa humu, nalo liliniumiza kuliko wageni: filta. Zilikuwa zinaning'arisha ngozi na kunichonga pua bila mimi kuomba, na nilipoiondoa filta nilijiona mbaya. Mwaka mzima sikuposti uso wangu halisi. Hakuna mtu mzima aliyejua, maana picha zangu zilionekana "nzuri". Kaeni na mabinti, waulizeni wanaonyeshwa nini. Instagram hukuletea unachokikodolea, na unaweza kuiambia hutaki aina fulani, au ukafuta mapendekezo yote kwenye mipangilio na kuanza upya. Mimi nilianza upya kwa wasusi, wachoraji na wapishi wa kwetu. Leo hata ukurasa wangu unanisalimia vizuri.

Na mama, mwambie binti nataka kuona maua yake.


Kutoka: Baba, Perth, Australia

Salamu kwenu wote. Hapa sheria ilianza tarehe 10 Desemba 2025: aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Instagram, Snapchat, TikTok na nyinginezo. Nilidhani nimepumzika. Lakini WhatsApp haimo, na kijana wangu wa miaka 14 na darasa lake wote wamehamia huko. Juzi nimekuta grupu la watu 60, wengine hawajui. Kwa hiyo maongezi ya ndani ya gari nitayafanya wiki hii, asante baba wa Columbus.


Kutoka: Mama wa wawili, Reading

Mwanangu wa Leicester, marahaba, marahaba sana. Nimemsomea sehemu ya filta. Alinyamaza, kisha akasema, "Na mimi." Tumekaa mpaka saa sita.

Ndugu watano amewachagua jana usiku, na wa kwanza kumwandika ni yule shangazi wa Tanga. Sikutegemea. Nilipomuuliza sababu alisema shangazi ndiye aliyemfundisha kushika piko, likizo ile tuliyokwenda.

Kwa walioniandikia pembeni wakiomba kuelekezwa: Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za hapa nitakuwa kwenye simu ya video na binti yangu. Mje na simu za watoto na watoto wenyewe. Tutaanza na mwaka wa kuzaliwa.