Maandishi ya fomu ndefu kwenye simu ya RAM GB 1: yakae wapi?

Fundi_Mbale
Ndugu zangu, nimetengeneza programu ya Android kwa maafisa ugani wanaotembelea wakulima wa kahawa huku Elgon. Jana mmoja aliandika ripoti karibu nusu saa, akafungua kamera apige picha ya mti wenye ugonjwa. Kurudi, fomu nyeupe. Iliniuma sana. Maandishi nayashika kwenye ViewModel, yaani kwenye kumbukumbu ya muda ya programu. Nihamie Bundle (kifurushi kidogo cha data ambacho Android huitunzia skrini) au SQLite (hifadhidata ndani ya simu)?

Dada_Jinja
Pole kaka. ViewModel huvumilia simu kuzungushwa, si zaidi. RAM ikiisha, mfumo huua programu iliyo nyuma, na ViewModel huondoka nayo. Kamera inakula RAM mno kwenye simu hizo. Ipeleke programu nyuma, iue kutoka kompyuta kwa amri ya `adb shell am kill`, uifungue tena: utaliona tatizo hapohapo. Lakini EditText (kisanduku cha kuandikia) hujihifadhia maandishi yenyewe. Visanduku vyako vina ID (kitambulisho)?

Fundi_Mbale
Havina dada. Navizalisha kwa msimbo wa programu kutoka orodha ya maswali.

Mwalimu_Arua
Basi ndiyo hiyo. Kisanduku kisicho na ID hakihifadhiwi. Na kila kimoja kiwe na yake: niliwahi kurudia leyauti (mpangilio wa skrini) moja mara 8, vyote vikarudi na maneno ya kisanduku cha mwisho. Siku mbili nzima natafuta kosa! Ila maandishi hayo huingia kwenye Bundle, nayo usiishibishe. Hupitia Binder, njia ya Android ya kupitishia data kati ya programu na mfumo, ambayo nafasi yake ni MB 1 kwa miamala yote ya programu kwa pamoja. Tangu Android 7, ukizidisha programu inaanguka.

Dada_Jinja
Mimi ripoti ya nusu saa siiachii Bundle kabisa. Mtu akiacha kuandika kwa nusu sekunde, hifadhi rasimu kwenye SQLite kupitia Room (maktaba ya Android ya kutumia SQLite), na tena kwenye onStop (skrini inapoacha kuonekana). Usihifadhi kila herufi, simu itakuwa nzito. Kwenye Bundle weka namba ya rasimu tu.

Mwalimu_Arua
Kwa ripoti nakubali. Jina la kijiji au kilo za kahawa, ID inatosha, usijichoshe.

Fundi_Mbale
Nimefanya alivyosema dada. Nimeiua programu mara sita, rasimu inarudi yote. Asanteni mno. Rasimu niifute lini, afisa akibonyeza Tuma?

Dada_Jinja
Hapana kaka! Seva ikijibu kwamba imepokea. Huko mlimani mtandao hukatika katikati ya kutuma.