Matibabu bure kwa wazee, dawa kanunue nje!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Hivi haya matibabu bure kwa wazee yanaishia wapi? Kwa bi mkubwa wangu yanaishia kwa daktari. Kitambulisho cha mzee anacho, na alikihangaikia kweli: barua ya mwenyekiti wa mtaa, halafu mhuri wa mtendaji, na kila ukienda mtendaji yupo kikaoni. Akifika hospitali (ya serikali, siitaji jina) foleni anapishwa, sikatai. Anapimwa presha, anaandikiwa, anasogea dirisha la dawa. Dogo wa pale hata kichwa hainui: "Hizi mbili hazipo, kanunue nje." Nje kwenyewe ni duka lililotazamana na geti, na zote zipo!

Sasa mtu wa presha na sukari anameza vidonge kila siku ya Mungu. Ukimpa cheti bure dawa akajinunulie, umemsaidia nini? Bi mkubwa kaanza kubana matumizi: leo anameza, kesho anaruka. Nakuja kujua akishashikwa na kizunguzungu. Ukimuuliza: "Si nilijiona nina nafuu, mwanangu."

Na hela ataitoa wapi? Kalima maisha yake yote, hana mfuko wa pensheni hata mmoja unaomjua. Zanzibar tangu 2016 aliyefikisha miaka 70 anapewa pensheni jamii kila mwezi, awe aliajiriwa au alikuwa anavua pweza. Walianza na 20,000, wakapandisha hadi 50,000. Hela ya kujengea ghorofa siyo, ila vidonge vya mwezi vinapatikana. Sisi bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60, maneno matamu kibao. Ukitaja pensheni kwa wote unaambiwa bajeti. TASAF nao, ule mfuko wa serikali wa kugawa ruzuku, wanatafuta kaya maskini, na bi mkubwa ana bati juu, basi tajiri huyo.

Najua watakuja wale wa "lea mama yako, acha kulialia". Namlea, ndiyo maana bei za vidonge nazijua kwa kichwa. Ninachouliza mimi: kwa nini dirisha la hospitali linakosa dawa ambazo duka la mkabala halikosi hata siku moja? Kama kuna mtu wa famasi humu aje atufafanulie, hata kwa ID feki.