Jaribio la thiosalfeti na asidi: grafu yangu imepinda, ya mwenzangu asiyeongeza maji imenyooka. Nani kakosea?

mtahiniwa_pcb

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye praktiko ya kasi ya mmenyuko, ile ya sodiamu thiosalfeti na asidi haidrokloriki, ambapo bika inakaa juu ya karatasi yenye alama ya X na unahesabu sekunde mpaka X isionekane.

Nimetumia thiosalfeti 0.16 M (M ni moli kwa lita), bika ya 100 cm³, asidi 2 M kiasi cha 5 cm³ kila mara. Thiosalfeti na maji kwa pamoja ni 50 cm³ kila mara. Joto 27 °C. Matokeo:

Thiosalfeti 50, maji 0: sekunde 24
Thiosalfeti 40, maji 10: sekunde 30
Thiosalfeti 30, maji 20: sekunde 41
Thiosalfeti 20, maji 30: sekunde 66
Thiosalfeti 10, maji 40: sekunde 190

Nikichora 1/t (moja gawanya kwa sekunde, kipimo chetu cha kasi) dhidi ya ujazo wa thiosalfeti, nukta nne za juu zinakaa vizuri kidogo, ya tano inaanguka chini ya mstari. Mwenzangu hakuongeza maji kabisa, alipunguza thiosalfeti tu, na grafu yake imenyooka na inapita kwenye sifuri! Sasa anasema maji hayana kazi.

Swali la pili: tunafundishwa kwamba joto likipanda kasi inaongezeka. Kwenye utengenezaji wa amonia tunaambiwa joto likipanda amonia inapungua. Haya mawili yanakaaje pamoja?

fundi_maabara

Mkuu, kabla ya grafu fanya hesabu moja ya haraka: zidisha ujazo wa thiosalfeti kwa sekunde. Kama kasi inafuata ukolezi sawasawa, jibu linatakiwa lisibadilike. Kwako ni 1200, 1200, 1230, 1320, halafu 1900. Kwa hiyo tatizo halikuanza kwenye nukta ya tano. Lilianza kujitokeza kwenye ya nne, kwenye ya tano limelipuka tu.

Kagua haya kwanza. Chumvi uliyopima ilikuwa na maji ya fuwele au kavu? Ile yenye maji ya fuwele (Na₂S₂O₃·5H₂O) inahitaji karibu g 40 kwa lita moja ili upate 0.16 M. Kavu inahitaji karibu g 25.3. Mtu akipima g 40 za kavu anapata kama 0.25 M na sekunde zake zote zinakuwa fupi, ingawa umbo la grafu halibadiliki. Kwako basi sio hilo.

Bika uliisugua kila baada ya duru? Salfa inaganda kwenye kioo kama utando wa maziwa. Kusuuza kwa maji peke yake hakuiondoi, pitisha brashi au karatasi laini. Utando ukibaki X inafifia kabla ya wakati na sekunde zinapungua. Kwako zimerefuka, kwa hiyo hata hapo umepona.

Joto ndilo naliangalia kwa jicho kali. Maji uliyoongeza yalitoka wapi? Duru ya tano ina maji 40 cm³, yaani sehemu kubwa ya bika. Yakiwa yametoka kwenye mtungi wa baridi, mchanganyiko haukuwa na 27 °C. Tofauti ya nyuzi 3 tu inabadilisha kasi kwa zaidi ya asilimia 20. Chupa ya thiosalfeti, ya maji na ya asidi zikae meza moja kwa nusu saa kabla hujaanza, na kipimajoto kitumbukizwe ndani ya bika yenyewe, siyo kwenye chupa ya akiba.

mwl_kemia

Nyongeza muhimu kuhusu huyo mwenzako, maana grafu yake nzuri itamponza.

Thiosalfeti 50 cm³ na asidi 5 cm³ bila maji: ukolezi wa thiosalfeti ndani ya bika ni 0.16 × 50/55, yaani 0.145 M. Thiosalfeti 10 cm³ na asidi 5 cm³ bila maji: 0.16 × 10/15, yaani 0.107 M. Ameshusha ujazo mara tano, lakini ukolezi umeshuka kwa robo tu. Kasi halisi ndani ya bika imebadilika kidogo sana, na huku asidi yake imekuwa kali zaidi kila duru.

Mbona basi sekunde zake zimeongezeka kwa mpangilio mzuri hivyo? Kwa sababu ya kina. X inapotea pale salfa iliyo kati ya jicho lako na karatasi inapofikia kiasi fulani. Kioevu kikiwa kirefu, salfa kidogo kwa kila cm³ inatosha kuziba. Kikiwa kifupi, inabidi isubiriwe iwe nzito zaidi. Ujazo wa thiosalfeti uite V. Ukizidisha ukolezi wake, 0.16 × V/(V + 5), kwa ujazo wote wa bika, ile V + 5 ya chini inafutana na V + 5 ya juu na unabaki na 0.16 × V. Mstari mnyoofu unaopita sifuri! Amepima urefu wa kioevu akadhani amepima kasi. Maji yanaongezwa ili kina kisibadilike na asidi ibaki na ukolezi uleule, ndiyo kazi yake.

Sasa nukta yako ya tano. 1/t ni kasi ya wastani tangu unamwaga asidi mpaka X inapotea, wala siyo kasi ya mwanzo. Salfa inayotakiwa kuziba X ni ileile kwa duru zote. Duru ya kwanza ina thiosalfeti ya kutosha, kipande kidogo tu kinatumika. Duru ya tano ina moja ya tano yake, kwa hiyo kufika kiasi kilekile cha salfa kunakula sehemu kubwa ya kilichopo, na kasi inashuka njiani ukiwa bado unasubiri. Ndiyo maana 1200 imepanda kidogokidogo halafu ikaruka. Ongeza na jicho: kwenye sekunde 24 X inapotea ghafla, kwenye dakika tatu inafifia polepole, na watu wawili wanaweza kutofautiana sekunde 15 bila mmoja kudanganya.

Dawa yake: chora X kwa penseli, mstari mwembamba, usitumie kalamu nene ya wino. X hafifu inapotea mapema, salfa kidogo inatumika, na 1/t inasogea karibu na kasi ya mwanzo. Tumia karatasi hiyohiyo na mtazamaji huyohuyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Duru ya 10 cm³ irudie mara tatu, au weka 15 cm³ na maji 35 mahali pake.

Na tafadhali, ukimaliza duru mwaga bika ndani ya ndoo yenye mmumunyo wa sodiamu kaboneti. Inaua asidi, na salfa dayoksaidi inaacha kutoka. Mwenye pumu asiinamie bika, na kwenye duru za joto msivuke 60 °C.

mtahiniwa_pcb

Shukrani sana walimu wangu. Maji kweli yalitoka kwenye dumu lililokuwa sakafuni! Nitarudia. Hilo la amonia je?

msawazo_K

Nikuchukulie kwa namba, maana maneno matupu ya "mfumo unapinga badiliko" yanakuacha ulipo.

Watu husema joto linaongeza kasi kwa sababu chembe zinagongana mara nyingi zaidi. Kutoka 30 °C hadi 40 °C, kwenye gesi idadi ya migongano inaongezeka kwa chini ya asilimia 2. Kasi kwa kawaida inakaribia kuwa mara mbili. Kilichoongezeka hasa ni idadi ya chembe zenye nguvu ya kuvuka kizingiti cha nishati. Kizingiti cha 50 kJ/mol: nyuzi hizo 10 zinazidisha kasi kwa 1.9. Kizingiti cha 100 kJ/mol: zinazidisha kwa 3.5. Shika hilo, kizingiti kirefu ndicho kinachonufaika zaidi na joto.

Sasa chukua mmenyuko unaorudi nyuma, ambao kwenda mbele una kizingiti cha 50 na unatoa joto la 50. Kurudi nyuma lazima upande 100. Ukipasha nyuzi 10, njia zote mbili zinaharakishwa, lakini ya kurudi inaharakishwa zaidi. Zikija kulingana tena, mazao yamepungua. Kulingana huko ndiko msawazo. Kisobadilika cha msawazo, K, yaani namba inayoonyesha mazao ni mengi kiasi gani hapo, kimegawanyika karibu kwa 1.9.

Amonia ni hivyohivyo. N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃ inatoa karibu 92 kJ. Kwenye shinikizo la atmosfia 200, msawazo una amonia takriban asilimia 36 kwenye 400 °C, na takriban 18 kwenye 500 °C. Ukishuka kwenye joto la chumba msawazo unapendelea amonia sana, lakini utasubiri bila kuona kitu. Viwanda vinakaa kwenye 400 hadi 450 °C na kichocheo cha chuma, amonia inapoozwa na kutolewa ikiwa kioevu, gesi zilizobaki zinarudishwa ndani. Kichocheo kinashusha kizingiti cha pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mnafika mapema palepale. K hakiguswi.

Kwenye bika yako ya thiosalfeti usitafute msawazo. Salfa inaganda, salfa dayoksaidi inaondoka hewani, hakuna cha kurudi nyuma.

Ukitaka kuuona kwa macho, tia matone mawili ya feri kloridi 0.1 M na mawili ya potasiamu thayosayaneti 0.1 M ndani ya bika, ongeza maji mpaka rangi ya damu iwe ya chungwa. Usipopunguza rangi hutaona kitu, kosa la wengi ni hilo. Gawa kwenye testitubu nne. Moja iache ya kulinganisha. Ya pili tone la feri kloridi, ya tatu tone la thayosayaneti: zote mbili zinakolea, ushahidi kwamba kila kimoja kilikuwa bado kimebaki ndani. Ya nne iweke kwenye maji ya moto, itapauka.

Ikishapoa, hiyo ya nne ongeza maji mara mbili yake na itazame kutoka juu, jicho likiwa kwenye mdomo wa testitubu. Kama maji yangezimua tu, kutoka juu rangi ingebaki vilevile, maana chembe zenye rangi ni zilezile ila zimetawanyika kwenye kina kirefu zaidi, sawa na hesabu ya mwl_kemia kuhusu X. Linganisha na ile ya kwanza: imepungua hata kutoka juu. Chembe nyekundu zenyewe zimeachana.