Mdogo wangu kamaliza PCM, divisheni ya pili: chuo kikuu, VETA, karakana ya mjomba au arudie mtihani?

Dada wa Kihonda
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, maana nyumbani tumekaa vikao vitatu na kila kikao kinaisha watu wamenuniana.

Kitinda mimba wetu kamaliza kidato cha sita mwezi wa tano, tahasusi ya PCM. Matokeo ndiyo haya: Fizikia D, Kemia D, Hisabati C. Pointi 11, divisheni ya pili. Sasa hivi yupo kambini JKT kwa mujibu wa sheria, tunaongea naye Jumapili jioni dakika chache tu.

Baba anasema chuo kikuu, kozi yoyote, ilimradi avae joho. Mjomba yuko Kahama, ana karakana ya mota. Wanamletea mota za mashine za kusaga, za pampu, za makarasha ya dhahabu. Anavua waya zilizoungua na kusuka koili upya. Anamtaka dogo akaishi naye, atamlaza, atamlisha na kumpa 5,000 kwa siku. Mimi nilikuwa nawaza VETA, vyuo vya ufundi stadi, kozi ya umeme, kwa sababu ada ya vyuo vyao ni 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, hiyo naimudu kwa biashara yangu ya vitenge. Mwenyewe kabla hajaondoka alisema akikosa uhandisi atarudia mtihani mwakani.

Mama yetu ametangulia mbele za haki, baba ni mstaafu. Hali yetu haituruhusu kukosea mara mbili. Waliopita njia hizi nisaidieni.

Kinyozi wa Sabasaba
Mpeleke VETA dada. Mtaani vyeti vya shahada vimejaa kabatini.

Mhandisi Mtaani
Dada pole na majukumu. Mimi nilisoma uhandisi wa umeme miaka minne, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na nikakaa mtaani miaka miwili kabla ya kupata kazi. Pamoja na hayo siwezi kumwambia mtu chuo hakifai. Kilinipa hesabu na nadharia ambazo fundi wa kawaida hazipati, na leo nikiletewa mchoro wa kituo cha umeme nakaa chini nausoma.

Ila neno la mzee, "kozi yoyote", ndilo linalonitisha. Nina wenzangu waliochukua kozi waliyopangiwa kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Miaka mitatu ikaisha, joho wakavaa, picha ziko ukutani kwa wazazi wao, na deni la Bodi lipo palepale. Ukiajiriwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Ukiwa na kazi ya fani yako unalipa kwa moyo mweupe, usipokuwa nayo linakuumiza.

Na maisha ya chuo mzee aambiwe mapema. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, siku hizi ni 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, nalo linakuja kwa awamu. Mkopo unatolewa kwa asilimia, si kila mtu anapata ada yote. Mwaka wangu wa kwanza nilibebwa, yaani nililala kitanda kimoja na mwenzangu mwenye chumba hosteli, muhula mzima.

Kitu kimoja zaidi. Mara ya kwanza kufungua mota kwa mikono yangu ilikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili. Kulikuwa na kijana wa darasa la saba pale karakana, aliiweka sikioni bisibisi, ncha yake kwenye mwili wa mota inayozunguka, akasema "bearingi ya nyuma hiyo". Tukafungua, ikawa ya nyuma kweli. Yule kijana sijamsahau. Kama mjomba wako anajua kazi hivyo, usimdharau kabisa kwenye vikao vyenu.

Fundi Gongo la Mboto
Nami niseme kuhusu karakana kwa sababu huko ndiko nilikotokea. Nilijifunza umeme wa majumbani kwa kaka yangu tangu 2009, sikukanyaga chuo. Nyumba naitandika waya kuanzia msingi mpaka dari, na sijawahi kuitwa kwamba imeungua.

Shida inaanza nyumba ikikamilika. Mteja anataka TANESCO wamuungie, na fomu haipokelewi bila mhuri wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mimi sina leseni. Basi nakunja mchoro, napanda daladala hadi kwa mwenye leseni, ananiuliza maswali mawili matatu, anagonga mhuri, nampa chake. Nimefanya hivyo miaka mingi. Kazi ya wiki tatu ni yangu, jina kwenye fomu ni lake. Zabuni nazo ndiyo kabisa: shule ikitaka fundi wanaulizia cheti kwanza.

Mwaka juzi nikasikia VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Nikaenda. Wanakupima, wanaona unachojua na unachokosa, wanakuongezea mafunzo mafupi kisha unapata cheti. Mimi nilikutwa na upungufu kwenye vipimo vya "ethi", waya wa kupeleka umeme ardhini, na hesabu za mzigo wa umeme. Kweli nilikuwa sijui, nilikuwa nafanya kwa mazoea tu. Nina cheti sasa, leseni ndiyo naifuatilia.

Kwa hiyo dada, karakana ni nzuri, lakini asiende akasahau karatasi. Nimepoteza miaka zaidi ya kumi kwa hilo.

Binti Sengerema
Kuhusu kurudia mtihani: mimi nimerudia. Mara ya kwanza nilipata E ya Fizikia na E ya Kemia, nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata D na C. Nilifanikiwa, lakini mwaka ule ulikuwa mgumu kuliko miaka miwili ya shule yote.

Unakaa nyumbani peke yako. Hakuna kengele. Asubuhi unatumwa sokoni, mchana wageni, usiku umechoka. Na kwa masomo ya sayansi kikwazo ni praktiko: lazima upate kituo chenye maabara wakuruhusu ufanye mazoezi, si siku ya mtihani ndiyo unashika pipeti baada ya mwaka mzima.

Mimi nilikuwa na E, sikuwa na njia nyingine. Mdogo wako ana C na D mbili. Mimi nisingerudia kwa matokeo hayo kabla sijajaribu kuomba.

Mwalimu wa Tabora
Nafundisha sekondari, kila mwaka vijana wangu wanapita hapa. Niweke mambo ya taratibu sawa kwanza, maana naona hapo nyumbani mnabishana kuhusu milango bila kuangalia upi unafungwa lini.

Kigezo cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 (hesabu hii si ile ya pointi 11 za divisheni). Kijana ana C na D, hiyo ni 5. Anaruhusiwa kuomba. Lakini kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa. Uhandisi wa umeme vyuo vikubwa unagombaniwa na wenye A na B. Chukueni mwongozo wa udahili wa TCU, upo kwenye tovuti yao bure, muangalie kila kozi inataka nini na ina nafasi ngapi. Msiangalie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake. Kuna DIT, kuna MUST ya Mbeya, kuna Chuo cha Ufundi Arusha, na hao wote wana uhandisi.

Diploma ya ufundi nayo hamjaitaja hata mara moja, nami naiona ndiyo njia ambayo wazazi wengi hawaijui. Akimaliza diploma na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu. Anakuwa tayari fundi sanifu, ana kitu mkononi, na joho la mzee bado lipo mbele.

Sasa mkopo. Bodi inapokea maombi ya waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Maana yake mwaka mmoja wa kukaa Kahama hauui haki yake ya mkopo. Ila wanataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Kwa mjomba kujifunza hakuna tatizo, akiajiriwa kiwandani kwa mkataba hapo ni habari nyingine.

Dirisha la mkopo kwa kawaida linafungwa mwishoni mwa Agosti, na kijana yuko kambini. Hili ndilo la kukimbilia wiki hii. Cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha mama vihakikiwe RITA, wakala wa vizazi na vifo, kwanza, bila hivyo maombi hayaendi. Fomu inataka saini yake, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa na ya wakili au hakimu. Ada ya maombi ni 30,000. Miaka ya karibuni Bodi imekuwa ikipeleka maofisa wake kwenye kambi za JKT kuwasaidia vijana, ulizia kwenye kambi yake.

VETA kozi ndefu zinaanza Januari na fomu hutoka miezi ya kabla yake. Kwa hiyo majibu ya TCU mtakuwa mnayo kabla VETA hawajaanza. Mwombeeni chuo sasa. Kuomba hakumfungi.

Mhandisi Mtaani
Mwalimu kamaliza. Naongezea tu: kuanzia anatoka JKT hadi chuo kufungua kuna wiki kadhaa. Apande basi la Kahama moja kwa moja. Na kila likizo iwe hivyohivyo.

Mama Pendo
Dada nimesoma uzi wote. Nimejua anachotaka baba, anachotaka mjomba, anachotaka dada. Kijana katajwa mstari mmoja. Mimi mwanangu tulimchagulia uuguzi, mwaka wa pili akarudi na begi usiku, hakusema lolote hadi leo hajasema vizuri. Muulizeni huyo mtoto, na mkimuuliza mnyamaze mpaka amalize.

Dada wa Kihonda
Asanteni sana, na Mama Pendo Mungu akubariki, neno lako lilinikosesha usingizi.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilimpigia nikamwambia sitaki kumshauri, nataka aseme. Akanyamaza nikadhani mtandao umekata. Kisha akanisimulia likizo ya kidato cha tano alivyokuwa Kahama. Mjomba alimpa mota iliyoungua avue waya, huku akihesabu mizunguko ya kila koili na kuandika kwenye kipande cha boksi, ili isukwe idadi ileile. Akamuuliza mjomba kwa nini hesabu hiyo na si nyingine. Mjomba akamjibu, "Iliyotoka ndiyo inayorudi." Anasema tangu siku ile anatafuta jibu la lile swali, na kurudia mtihani aliwaza kwa sababu aliogopa bila A hakuna atakayemfundisha.

Nimemsomea baba maneno hayo kama nilivyoyaandika. Baba alikaa kimya kisha akauliza hiyo diploma ya Mwalimu inasomwa chuo gani. Tumekubaliana: shahada ya umeme vyuo vitatu, diploma ya umeme viwili, kote tunaomba wiki hii. Tukikosa kote, Januari VETA, na mjomba kapigiwa simu, kaelewa, anamsubiri akitoka kambini.

Fundi wa Gongo la Mboto, mjomba naye hana cheti chochote tangu aanze kazi hiyo. Huo utaratibu wa kurasimisha, na mafundi wa kusuka mota wanapimwa?

Fundi Gongo la Mboto
Mwambie aende chuo cha VETA kilicho karibu naye aulizie fani yake, kwa sababu si kila chuo kinapima kila fani. Abebe picha za kazi alizofanya, na kama ana wateja wa muda mrefu waandike barua. Mimi nilikwenda mikono mitupu, nikarudishwa siku ya kwanza.

Dada wa Kihonda
Nimeiandika. Kesho saa mbili niko RITA na vyeti, kisha kwa mtendaji.