Goba kwenda Upanga na mgonjwa wa figo: nishike Morogoro Road, Makongo au Tangi Bovu?

BintiWaGoba

Wakuu, heshima mbele. Naomba msaada wa wale ambao barabara za Dar ndiyo ofisi yao.

Naishi Goba na mama yangu. Tangu mwezi wa tatu mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenye hospitali moja iliyoko Upanga. Anatakiwa awe amefika kabla ya saa 1 asubuhi. Akishaunganishwa na mashine anakaa nayo muda wa saa nne, kisha namrudisha nyumbani. Dereva ni mimi mwenyewe, gari ni Passo, na leseni yangu ina mwaka mmoja na nusu tu.

Siku zote nimekuwa nashuka Mbezi Mwisho, nashika Morogoro Road, Kimara, Ubungo, Magomeni, Jangwani, halafu pale Faya naingia kushoto United Nations. Niliichagua kwa sababu imenyooka na naijua. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri. Kuna siku nafika vizuri, kuna siku sifiki.

Jumatano iliyopita ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Tulikuta foleni imesimama kabisa kabla ya Kimara. Ramani ya simu ikaniambia nichepuke, nitaokoa dakika 18. Nikaitii. Ikanitumbukiza kwenye uchochoro wa vumbi wenye makorongo, ukuta huku na ukuta huku, na mbele lori la mchanga limekaa katikati linashusha mzigo. Nyuma yangu bajaji mbili na Noah. Siendi, sirudi. Mama ana chupa yake ndogo ya chai anayowekea vipande vya barafu, maana maji anapimiwa na kiu inamtesa, basi anamung'unya kipande kimoja kimoja. Nikamwona anatikisa chupa, imebaki maji tu. Nikaanza kulia. Akaniambia, "Mwanangu, futa machozi uone njia."

Tulifika saa 2 na dakika 10. Mashine ilitakiwa iachwe kwa mgonjwa wa zamu inayofuata, kwa hiyo alipata saa mbili na nusu badala ya nne. Usiku ule miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akalala amekaa kwenye kiti na mimi nimekaa chini pembeni yake mpaka kukakucha.

Naombeni mnisaidie mambo mawili. Kwanza, nipite njia ipi? Pili, wauguzi wameniambia naweza kumhamishia zamu ya saa 6 mchana. Nikubali?

Mpita_Makongo

Pole sana dada, Mungu amtie nguvu mama. Achana na Morogoro Road. Ile lami ya Makongo ndiyo mkombozi wa watu wa Goba. Unashuka Makongo, Chuo cha Ardhi, unatokea Survey pale Mlimani City, unapinda kushoto, Mwenge hii hapa. Na zamu ya mchana ikubali haraka, saa 4 barabara zinakuwa nyeupe.

Kijana wa Kibo

Mimi ningeingia njia ya mwendokasi na taa za hatari nimewasha. Una mgonjwa, trafiki akikusimamisha unamweleza, ni binadamu.

SukaMzee

Binti, pole. Nimeendesha daladala za Mwenge miaka tisa na teksi miaka kumi na minne, sasa nimepumzika. Wagonjwa nimebeba wengi, na mke wangu marehemu nilimpeleka kliniki mwenyewe mpaka mwisho, kwa hiyo swali lako nalijibu kwa moyo wote.

Nianze na kijana wa Kibo. Binti, usiingie njia ya mwendokasi hata siku moja. Yale mabasi ni marefu, yana uzito na yanakuja kwa kasi. Ukikutana nalo uso kwa uso, kushoto ukingo wa zege, kulia ukingo wa zege, unakwenda wapi na Passo yako? Na ukikamatwa, muda utakaoutumia kumweleza askari ni mrefu kuliko foleni uliyoikimbia.

Sasa njia. Kosa lako halikuwa kutoijua barabara. Umeichagua kwa sababu imenyooka, na dereva mwenye mgonjwa hatafuti barabara iliyonyooka, anatafuta barabara yenye milango. Nikisema milango namaanisha mahali pa kutokea kukiharibika. Morogoro Road tangu mwendokasi ianze mwaka 2016 ina njia ya mabasi katikati, huwezi kugeuza popote unapotaka, unasubiri mataa. Ubungo ile ya zamani, ya kuzima gari na kununua karanga, iliisha lilipofunguliwa daraja la juu la Kijazi Februari 2021, hilo nalishukuru. Lakini magari hayakupungua, yalisogea tu mbele, sasa yanakusubiri Shekilango, Manzese na mataa ya Magomeni. Na ukishavuka Magomeni mlango wa kuingia mjini kwa upande ule ni mmoja, Jangwani. Mvua za masika zikikolea, Msimbazi unapanda barabarani na njia inafungwa. Kuna watu watakwambia ukikuta Jangwani imefungwa pinda Kawawa. Kawawa nayo ina bonde lake la Mkwajuni, na maji yanalijua vilevile.

Kwa hiyo namuunga mkono Mpita_Makongo kwenye njia. Goba, Makongo, Survey, Mwenge, unanyoosha Bagamoyo Road mpaka Morocco, Ali Hassan Mwinyi, daraja la Selander, halafu United Nations upande wa juu. Si kwamba ni fupi. Ni kwa sababu ya milango yake, nayo nakutajia ili uishike kichwani, siyo kwenye simu.

Mlango wa kwanza uko Mwenge penyewe. Ukiona mbele taa nyekundu za breki zimepangana hadi Bamaga, nenda Coca-Cola, ingia Mikocheni, shika Mwai Kibaki. Wa pili uko Sayansi: ingia Kijitonyama, pita Mwananyamala, tokea Kinondoni, na barabara ya Kinondoni itakuibua Ali Hassan Mwinyi ukiwa umeshakaribia Selander. Wa tatu ni Namanga. Pale kata kuelekea Oysterbay mpaka Coco Beach, panda Daraja la Tanzanite. Lile daraja lina kilomita moja na kidogo juu ya bahari, lilifunguliwa Machi 2022, na ukishuka upande wa Aga Khan, Upanga unairudia kwa dakika chache. Huu mlango wa tatu utauhitaji kuliko unavyodhani, maana Ali Hassan Mwinyi ndiyo njia ya misafara ya viongozi, na msafara hauna ratiba unayoijua wewe. Ukiona askari wamesimama kila njia panda na pikipiki zinaanza kusukuma magari pembeni, usingoje kuona kitakachopita. Ondoka hapo hapo.

Tangi Bovu iache iwe akiba, kwa siku ambayo Makongo kuna ajali. Bagamoyo Road kuanzia kule juu unaungana na watu wote wa Bunju, Tegeta na Mbezi Beach.

Sasa la zamu, na hapa nampinga Mpita_Makongo. Usikubali zamu ya mchana. Kwenda utakwenda vizuri, kweli. Lakini mama anaingia saa 6, anatoka saa 10 na zaidi, mpaka abane ule mshipa damu ikate, apimwe presha, avae, mnafika kwenye gari saa 11 jioni. Hapo Dar yote inatoka mjini, na wewe unatoka nayo. Utamweka kwenye kiti mtu ambaye nguvu zimemwisha, jua linampiga usoni, moshi wa malori unaingia dirishani, kwa saa mbili. Mgonjwa anayekwenda ana nguvu kidogo ya kuvumilia. Anayerudi hana. Foleni kama lazima muile, ileni wakati wa kwenda. Zamu ya asubuhi mnatoka saa 6 mchana, wakati huo magari yanayotoka mjini ni machache, mnafika Goba kabla chakula hakijapoa.

Ila saa 11 na nusu ni kuchelewa. Basi za shule zinaanza kuzunguka muda huohuo, na daladala zimeshajaa. Toka saa 11 kasoro robo. Hizo dakika 45 zitakununulia zaidi ya saa nzima. Najua ni kumwamsha mama saa 10 usiku. Alale mapema, aamke, akishafika hospitali akapumzike kwenye gari.

BintiWaGoba

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mara tatu, nimeandika kwenye karatasi. Naogopa kitu kimoja, Makongo alfajiri. Zile kona na mteremko, giza, na bodaboda wasio na taa. Na mama tumbo likimchafuka njiani nitasimama wapi?

MkeWaFundi

Dada, mimi mume wangu yuko mwaka wa tatu kwenye mashine, tunatoka Madale, kwa hiyo giza lile nalijua. Nikwambie yangu kama mwanamke mwenzio.

Kwanza kiti. Mwegemeze nyuma kidogo, usimlaze kabisa. Kama ana mpira wa kifuani wa kusafishia damu, kunja khanga uiweke kati ya mkanda na ule mpira, mkanda usiusugue. Kama ni mshipa wa mkononi, ule mkono uweke juu ya mto mdogo mapajani, asiuegemee mlangoni. Weka mfuko na kitambaa kibichi kwenye mlango wake, siyo kwenye buti, maana presha ikishuka kichefuchefu hakisubiri ufungue buti.

Pa kusimama: chagua sheli mbili au tatu njiani, ujuane na vijana wa pale, uwaambie una mgonjwa. Mimi nina moja Mwenge na moja karibu na Morocco. Vijana wa zamu ya usiku wananifahamu, wananifungulia choo bila maneno. Barafu weka kwenye chupa kubwa zaidi, ile ndogo haitoshi siku mbaya.

Na kama una ndugu mjini, Kinondoni au Magomeni, kaombe kitanda kwa siku za hatari. Mvua ikinyesha mchana kutwa Jumapili, sisi Jumapili jioni tunahamia kwa wifi yangu Kinondoni. Mwanzo niliona aibu kusumbua watu. Sasa yeye ndiye anayepiga simu akiona mawingu.

SukaMzee

Marahaba binti. Huyu mama hapo juu ameongea.

Kuhusu Makongo, nenda kesho Jumamosi au Jumapili alfajiri bila mama. Saa hiyohiyo ya 11 kasoro robo, gari hilohilo. Pita njia nzima mpaka hospitalini, geuza, rudi. Kila mlango niliokutajia uingie na utoke mara moja ukiwa peke yako, uone tuta liko wapi, shimo liko wapi. Njia ya dharura inajifunzwa siku isiyo na dharura. Kwenye mteremko weka gia ya chini uache injini iishike gari, usikanyage breki muda wote, mama atayumba. Bodaboda asiye na taa utamwona kwa kivuli chake kwenye taa za anayekuja mbele. Kwa hiyo pale usiendeshe zaidi ya 40. Umetoka mapema, haraka huna.

Na wanaotanua kwenye ukingo wa barabara wakikupita kushoto na kulia, waache. Watakuchomekea Mwenge, waache vilevile.

BintiWaGoba

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki mbili sasa.

Nilienda Jumapili peke yangu kama mzee alivyosema. Kule Kijitonyama nilipotea mara mbili, nikaishia kwenye geti la watu. Nashukuru nilipotea siku ile.

Jumatatu tulitoka saa 11 kasoro dakika 10. Tulipofika Survey ndiyo adhana inasikika. Selander tumevuka saa 11 na dakika 35, hospitalini kabla ya saa 12. Mama akalala kwenye gari na mto wake mpaka walipofungua. Nikamtazama anavyolala mdomo wazi kidogo, nikakumbuka ile Jumatano.

Zamu nimebaki nayo ya asubuhi. Kurudi tunatumia dakika 50, wakati mwingine chini ya hapo.

Ijumaa ndiyo ulikuwa mtihani. Usiku ule mama alitapika, tukachelewa, tumetoka saa 12 kasoro robo. Tumefika Sayansi, magari yamezimwa kabisa, watu wameshuka wamesimama barabarani. Simu ikasema nibaki hapo hapo kwenye barabara kubwa. Nikaingia kushoto... hapana, kulia, Mwananyamala iko kulia ukiwa unaingia mjini, na hiyo niliikumbuka kwa sababu ya lile geti. Nikatokea Kinondoni. Saa 1 kasoro dakika 10 tuko mlangoni. Amepata saa zake nne zote.

Mama anawasalimu wote. Mzee, amesema nikuambie anakuombea kwa jina la mkeo, kama hutojali kumtumia jina lake kwa ujumbe wa faragha. MkeWaFundi, sheli yako ya Morocco nimeipata, yule kijana amenionyesha choo kilipo.

Kesho tunatoka saa ileile. Barafu ya chupa kubwa imeshaganda.