Nina milioni 28 nataka kuhamia Marekani kama mwekezaji, ni EB-5, E-2 au njia gani?

Baba Swaleh wa Changamwe
Wadau habari za jioni. Naomba ushauri hasa kwa mlioko huko. Mimi ni Mkenya, niko Mombasa, nafanya kliaringi ya mizigo ya transiti, vipuri na magari yanayokwenda Kongo, mwaka wa 14 sasa. Nimeuza godauni yangu Changamwe na mkononi nina kama milioni 28, dola laki 2 na ushei hivi. Nataka kuhama na familia, mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka 19.

Nilikwenda kwa ejenti mmoja hapa mjini, jina silitaji, akaniambia nunua nyumba Texas, nyumba ndiyo itakayokupa viza. Nikarudi mara ya pili akaniambia hapana, chukua paspoti ya Grenada kwanza halafu uombe E-2. Juzi naye ananiambia EB-5. Kila nikienda jambo jipya na kila nikienda ada ya "konsalti". Kipi ni kipi jamani? Mke wangu ni Mkongo wa Lubumbashi kama hilo linasaidia kitu, ingawa pesa na kampuni ni zangu mimi.

Mbeba Kontena
Baba Swaleh, ile ya nyumba mwambie akuuzie mwingine. Marekani hakuna viza ya kununua nyumba, hata ununue mtaa mzima. E-2, viza ya mwekezaji kwa raia wa nchi zenye mkataba na Marekani, inataka biashara inayotembea na kuajiri watu, nyumba ya kukaa tu ikulipe kodi haihesabiki.

EB-5 ni nzuri lakini si ya mfuko wako. Tangu Machi 2022 ni dola 800,000 mradi ukiwa kijijini au kwenye eneo lenye ukosefu wa ajira, kwingine 1,050,000, na lazima zitokee ajira 10. Hiyo 800,000 ni zaidi ya milioni 100 za kwetu, na wale wa rijono senta wanaokusanya pesa za wengi kwenye mradi mmoja wanakukata ada yao ya usimamizi juu yake. Utamu wake ni kwamba ni grinikadi, kibali cha kuishi huko moja kwa moja, unaanza na ya masharti ya miaka 2 halafu unaomba waondoe masharti. Na kama kuna anayesoma hapa mwenye pesa hizo basi ajue kwamba aliyepeleka ombi la rijono senta hadi Septemba 30, 2026 amelindwa hata bunge lao lisipoendeleza programu. Ile Gold Card ya Trump ndiyo usiiguse kabisa, milioni 1 unaitoa zawadi kwa serikali, hairudi.

Grenada nayo ejenti wako amechelewa. Ni kweli Grenada wana mkataba wa E-2 na watu walikuwa wanapita hapo, ila mwisho wa 2022 sheria ilibadilishwa, ukipata uraia kwa kuununua lazima uwe umefanya makazi kule miaka 3 mfululizo ndipo uombe. Utauza samaki St. George's miaka mitatu wewe?

Mama Lushi
Jambo baba Swaleh. Samahani Kiswahili changu ni cha kwetu. Miye mtoto wa Kamalondo, sasa niko Dallas mwaka wa 3 na bwana yangu ambaye ni Mtanzania. Swali kubwa umeliweka mwisho kabisa, kama mutu anatafuta miwani na iko ku macho yake.

Kongo ya Kinshasa iko ku liste ya E-2 tangu 1989! Kenya hapana, Tanzania hapana, Uganda hapana. Sasa paspoti yenye kufanya kazi ku nyumba yako ni ya bibi, si ya kwako. Yeye ndiye anaomba kama mwekezaji, wewe unafuata kama bwana yake, na bwana wa mwenye E-2 anaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila kuomba kibali kingine. Watoto wanasoma tu, kazi hapana.

Lakini si jina la kuazima hapana. Bibi awe na angalau nusu ya kampuni na yeye ndiye aiongoze kweli. Sisi tulinunua kampuni ndogo ya kusafisha maofisi yenye wafanyakazi wake, pesa nyingi zilitoka kwa bwana, tukaandika hati ya zawadi na tukaonyesha njia yote ya makuta, ni kusema pesa, yaliuzwa nini, yaliingia benki gani, yakatoka lini. Ku intavyu bwana aliulizwa swali moja tu, jina lake. Mengine yote miye: sabuni unanunua kwa nani, mteja mkubwa analipa kila siku ngapi, mfanyakazi akikosa kuja usiku nani anaingia. Nilijibu naingia mwenyewe, na ni kweli, yule konsula akacheka akaangalia mikono yangu.

Stika ya viza ku paspoti ya Kongo haidumu kama ya Wajapani, lakini ukiingia mpakani wanakupa miaka 2, na unaongeza kadiri biashara inaishi.

Mbeba Kontena
Hapo kwa mke nilipitwa, heko mama. Ila baba Swaleh kabla hujafurahi, muulize kama alishachukua uraia wa Kenya. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili lakini katiba ya Kongo haitaki, uraia wao ni mmoja peke yake. Akiwa ameshachukua wa Kenya mpango wote umekufa.

Kijana wa Eastleigh
Mimi naona mnamkimbiza mbio. E-2 haikupi grinikadi, biashara ikifa na makaratasi yamekufa, na mtoto akifika 21 anatoka kwenye viza ya wazazi, sasa huyo wa 19 kabakisha nini? Kuna L-1A, viza ya meneja anayehamishwa na kampuni yake, hiyo haiangalii mkataba. Kampuni yako ya kliaringi inafungua tawi Houston au popote, wewe umeshaifanyia kazi zaidi ya mwaka kama meneja, unapelekwa kuongoza tawi. Mara ya kwanza wanakupa mwaka 1 tu, unaongezewa hadi miaka 7, na tawi likishafanya biashara mwaka mzima linaweza kukuombea grinikadi ya mameneja wa kimataifa. Shida yake ofisi ya Mombasa lazima iendelee kuishi, kwa hiyo kama uliuza godauni ili ufunge duka basi hii si yako. Na lazima uwe na watu chini yako, si wewe bosi na wewe tarishi.

Baba Swaleh wa Changamwe
Wallahi nimekaa na simu hadi chai imepoa. Nimemwita mama Swaleh nikamuuliza uraia, akafungua sanduku lake la vitenge akatoa paspoti ya Kongo, imekwisha muda tangu 2021. Uraia wa Kenya hajawahi kuuomba, miaka yote anatembea na kadi ya wageni. Anacheka tu, anasema sasa nitaandika barua ya kuomba kazi kwake. Yeye ana duka la vitenge Kongowea, vitabu vya hesabu vyake ni safi kuliko vyangu.

Ofisi siifungi, ndugu yangu atabaki, kwa hiyo L-1A nitampelekea wakili wa kweli aiangalie pamoja na hiyo E-2. Swaleh mwenyewe naona aombe viza ya mwanafunzi kivyake.

Mama Lushi swali moja, pesa za godauni ziko kwenye akaunti ya kampuni, na mkataba wa mauzo una jina langu na la marehemu kaka yangu. Hati ya zawadi niandike kabla sijazihamisha au baada?

Mama Lushi
Kabla! Na utafute kwanza makaratasi ya mirathi ya kaka, hapo ndipo watakushika.